Kutoka Arua hadi Jidda: masafa ya angani na historia ya njia isiyonyooka



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, kila mwaka majina ya mahujaji yanapoanza kusomwa misikitini Arua, Koboko na Yumbe, huzuka swali lile lile majumbani: Makka ni mbali kiasi gani kutoka kwetu? Kijana wa siku hizi hasubiri jibu la mzee. Anafungua kompyuta au simu, anaandika Arua upande mmoja na Jidda upande wa pili, na mara moja anapewa jibu: kilomita 2,257 hivi, mwendo wa ndege ni kama saa 3. Anafurahi, anakwenda kumwambia bibi yake kwamba atasali Alfajiri Arua na kabla ya Adhuhuri atakuwa Jidda.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila ndege yenyewe haipo. Uwanja wa Arua ni wa pili kwa shughuli nchini Uganda baada ya Entebbe, lakini hakuna ndege ya abiria inayotoka pale moja kwa moja kwenda Hijazi. Kompyuta imepima mstari juu ya tufe la dunia, basi. Bibi atakwenda kwa njia nyingine, ndefu zaidi, na sababu za urefu huo hazimo katika hesabu. Zimo katika historia ya West Nile, nayo ndiyo tunayotaka kuitazama leo, insha Allah.

Kwanza tuelewe hesabu yenyewe, maana wanafunzi wengi wanaitumia bila kujua inavyofanyika. Dunia ni mviringo, na duara lake kubwa ni kama kilomita 40,000. Ukiligawa kwa nyuzi 360 unapata kilomita 111 kwa kila nyuzi moja. Arua ipo nyuzi 3 kaskazini ya ikweta na karibu nyuzi 31 mashariki ya Greenwich. Jidda ipo nyuzi 21 na zaidi ya nusu kaskazini, na nyuzi 39 mashariki. Kati yao kuna nyuzi 20 na kidogo za duara kubwa, nazo ukizizidisha kwa 111 unapata hizo kilomita 2,250 na ushei. Njia hiyo ya duara kubwa ndiyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na ndiyo marubani wanayojitahidi kuifuata pale wanaporuhusiwa.

Hesabu hii si ngeni kwa Waislamu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali pa miji na masafa baina yake, akakimaliza mwaka 1025 huko Ghazna. Moja ya shabaha zake ilikuwa kibla. Huwezi kujua Makka iko upande gani mpaka ujue wewe uko wapi na Makka iko wapi. Hakuwa na ndege wala saa ya kisasa. Alichukua masafa ya misafara ya ngamia, akapunguza kwa sababu ya mizunguko ya njia, akachanganya na urefu wa jua katika kila mji, akapata tofauti ya longitudo. Huko kupunguza kwa ajili ya mizunguko ndiko kunakotuhusu hapa, kwa sababu njia ya kwetu ina mizunguko mingi.

Kibla cha Arua, kwa hesabu hiyo hiyo, ni nyuzi kama 25 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Kwa maneno mengine, mtu wa Arua au Koboko anapoelekea kibla anatazama kaskazini zaidi kuliko mashariki, kuelekea Sudan Kusini. Sasa angalia ndege inayomchukua hujaji kutoka Arua: inaruka kwenda kusini, kilomita kama 375, mpaka Entebbe. Yaani hatua ya kwanza ya safari yake ya angani inampa kibla mgongo.

Njia ya kaskazini iliyokuwapo

Haikuwa hivyo siku zote. Ukichora ule mstari wa kompyuta juu ya ramani, unatoka Arua, unapita juu ya Sudan Kusini, unaingia Sudan, na unafika Bahari ya Shamu kusini kidogo ya Suakin. Wanaoijua historia ya Hajj watalikumbuka jina hilo. Suakin ndiyo iliyokuwa bandari ya mahujaji wa Sudan kwa karne nyingi, hata Port Sudan ilipofunguliwa mwaka 1909 na kuichukulia kazi. Kutoka pwani hiyo hadi Jidda ni kuvuka bahari ya kilomita kama 300 tu.

Katika karne ya 19 nchi yetu ilikuwa ikitazama upande huo. Dola ya Misri ya wakati ule ilituma watu wake juu ya mto Nile na kufanya jimbo waliloliita Ekwatoria. Mwaka 1874 Charles Gordon aliondoka Cairo mwezi wa Februari, akapitia Suakin, akavuka jangwa kwa ngamia hadi Berber, akapanda Nile, na mwezi wa Aprili akawa Gondokoro, karibu na Juba ya leo. Chini ya miezi miwili, kwa meli, ngamia na mashua ya moshi. Kwa zama zile hiyo ilikuwa kasi ya kushangaza.

Lakini kusini ya Gondokoro mto unaharibika kwa mawe. Maporomoko ya Fola, karibu na Nimule, hayapitiki kwa chombo chochote. Wamisri walilazimika kufungua meli zao vipande vipande, wakavibebesha watu mabegani, wakaviunganisha tena Dufile, juu ya maporomoko. Hivyo ndivyo meli za Khedive na Nyanza zilivyofika kutembea baina ya Dufile na Ziwa Albert. Mabaki ya ngome ya Dufile yapo mpaka leo ukingoni mwa Nile upande wa Moyo, na ingefaa shule zetu zipeleke watoto kuiona kabla hazijawapeleka Kampala kutazama majengo marefu.

Askari wa jimbo lile, wengi wao watu weusi wa Sudan na wa makabila ya huku huku kwetu, walikuwa Waislamu au walisilimu jeshini, na lugha yao ilikuwa Kiarabu kilichorahisishwa. Hao ndio asili ya Wanubi, na lugha ile ndiyo Kinubi. Uislamu wa Arua na Koboko haukuja kwa njia moja tu, lakini hakuna anayeweza kuueleza bila kuwataja wao.

Kisha mlango wa kaskazini ukafungwa. Wafuasi wa Mahdi waliiteka Khartoum tarehe 26 Januari 1885. Gavana wa Ekwatoria wakati huo alikuwa Emin Pasha, Mjerumani wa kuzaliwa aliyejichukulia jina la Kiislamu, naye akabaki amekatika na dunia, bila barua wala mshahara wa askari. Akahamia Wadelai, kusini zaidi, ukingoni mwa Nile ya West Nile. Tangu hapo kila aliyetaka kutoka ilibidi aelekee kusini. Wilhelm Junker, msafiri wa Kirusi, aliondoka Wadelai mwanzoni mwa Januari 1886 na barua za Emin, akafika Zanzibar Desemba ya mwaka huo huo. Karibu mwaka mzima kwa barua.

Emin mwenyewe aliondolewa na Henry Morton Stanley. Msafara wao ulianza Kavalli, karibu na Ziwa Albert, tarehe 10 Aprili 1889, na ukaingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Ni siku 238. Kwa mstari wa angani, kutoka ziwa lile hadi Bagamoyo ni kama kilomita 1,270, basi gawa mwenyewe uone: kilomita 5 na kidogo kwa siku, ingawa miguu yao ilitembea zaidi ya hapo kwa sababu njia ilizunguka. Watu wengi, wakiwemo wanawake na watoto wa askari, walikufa au waliachwa njiani. Usiku ule ule wa kufika, katika karamu ya Wajerumani, Emin alianguka kutoka ghorofani, akaumia vibaya sana. Ametembea miezi minane bila kuvunjika, akavunjika mezani pa chakula. Ndiyo dunia.

Askari waliokataa kuondoka na Emin walibaki chini ya Selim Bey, na mwaka 1891 Frederick Lugard akawachukua wengi wao kwenda kuwatumikia Waingereza Uganda. Kwa hiyo Wanubi wakatawanyika hadi Entebbe, Bombo na hata Kibera huko Nairobi. Ndugu zetu wale wa mbali walifuata ile njia ya kusini ambayo hujaji wa leo anairudia kwa saa moja angani.

Meli, lori na gari la moshi

Nchi yenyewe ikazungushwa mikononi mwa wakubwa. Mwaka 1894 eneo la Lado, ambalo West Nile ilikuwa ndani yake, lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909 mkataba ukaisha, na mwaka 1910 likarudishwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, na Waingereza wakaweka boma lao Arua. Hapo ndipo hasa tulipogeuzwa uso. Kama tungebaki Sudan, hujaji wa Koboko angekwenda Juba, Khartoum na Port Sudan. Kwa kuwa tumewekwa Uganda, barabara, posta, hati za kusafiria na baadaye ndege, zote zikaelekezwa Entebbe na Kampala.

Na njia ya Kampala haikuwa rahisi. Katika miaka ya 1930 mtu wa Arua aliyetaka kufika baharini alishuka kwanza hadi Nile, akapanda meli kwenda Butiaba katika Ziwa Albert. Toka hapo alipanda lori hadi Masindi, kisha Masindi Port. Hapo alipanda meli nyingine ya Ziwa Kyoga hadi Namasagali, akaingia gari la moshi la Busoga, lililojengwa mwaka 1912, mpaka Jinja. Kutoka Jinja reli ilimpeleka Mombasa. Hesabu ni mara ngapi ameshusha na kupakia mzigo wake kabla hajaona bahari. Kutoka Mombasa ilikuwa bado meli kwa njia ya Aden, na mahujaji waliopanda Bahari ya Shamu kutoka kusini walisimamishwa kisiwa cha Kamaran kwa karantini ya maradhi.

Basi usishangae kwamba katika vizazi vile aliyeitwa Haji West Nile alikuwa mtu wa kuhesabiwa kwa vidole. Gharama ilikuwa nzito, lakini muda ulikuwa mzito zaidi. Mkulima anayeacha shamba lake kwa miezi mingi anarudi kwenye njaa.

Mafuriko ya mwaka 1962 yaliiharibu bandari ya Butiaba na meli kubwa ya ziwa, Robert Coryndon, ikazama. Mwaka 1964 reli ilifika Pakwach. Wazee walisema sasa itavuka mto na kuja Arua. Haikuja. Reli ya West Nile iliishia ukingoni mwa Nile, na mpaka leo hakuna kipande cha reli Arua wala Koboko.

Angani

Wakati huo ndege zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Shirika la Imperial Airways lilianza safari zake za London na Afrika Mashariki mwaka 1931, zikifuata Nile: Cairo, Khartoum, Malakal, Juba, kisha Ziwa Victoria. Tazama ramani tena. Juba ni kituo, Arua ipo kilomita 200 na ushei tu pembeni, na Koboko ni karibu zaidi, kama kilomita 180. Mwingereza aliyetoka London alipita jirani na sisi kwa siku chache, na jirani yake wa Koboko akitaka kwenda Makka alihitaji miezi.

Uwanja wa Entebbe ulikuja kuwa mkubwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Malkia Elizabeth aliondokea pale Februari 1952 kurudi kwao baada ya babake kufariki, na Mei ya mwaka huo ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani, Comet, ilituwa Entebbe katika safari yake ya London hadi Johannesburg. Ghafla Jidda ikawa mwendo wa saa badala ya wiki, kwa aliyeko Entebbe. Kwa aliyeko Koboko tatizo likabaki kufika Entebbe.

Kutoka Entebbe hadi Jidda ni kilomita kama 2,510. Jeti ya leo inayokwenda kilomita 800 na zaidi kwa saa, ukiongeza muda wa kupanda na kushuka, inachukua saa 3 na nusu hivi, pengine karibu 4. Ukiunganisha na zile 375 za kutoka Arua, jumla ni karibu kilomita 2,890, yaani zaidi ya mstari ulionyooka kwa kilomita 630. Ndege ndogo za propela zinazotumika Arua huenda kilomita 350 au 380 kwa saa, ndiyo maana kipande kifupi namna ile kinakula saa nzima.

Hapo ni kama ndege ipo ya moja kwa moja. Wengi hupitishwa mahali pengine. Kupitia Addis Ababa hakuongezi sana: Entebbe hadi Addis ni kama kilomita 1,220, na Addis hadi Jidda 1,410, jumla 2,630. Addis ipo karibu na njia. Lakini anayepitishwa Dubai anasafirishwa kilomita 3,735 kwanza, anapita mbali mashariki ya Hijazi, kisha anarudishwa nyuma kilomita 1,700. Amesafiri mara mbili ya masafa, na juu yake ana saa za kukaa uwanjani. Wazazi wanaowakatia tiketi wazee wenye sukari au miguu inayovimba waitazame ramani kabla ya kutazama bei peke yake. Mzee wa miaka 70 hawezi kufananishwa na mzigo wa kahawa.

Na njia ya barabara? Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na wa Koboko anaongeza 55 nyingine. Leo kuna lami, na basi la usiku linafika asubuhi. Lakini walio na umri wa kukumbuka miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wanajua kipande cha Karuma hadi Pakwach kilivyokuwa. Waasi wa LRA walivizia magari, na mabasi yalisubiriana ili yaende kwa msafara wa wanajeshi. Familia zilizoweza kuuza ng'ombe wawili watatu kumpandisha mama mgonjwa ndege ya Arua hazikufanya hivyo kwa anasa. Kampuni ya Eagle Air, iliyoanzishwa mwaka 1994, na ndege za mashirika ya misaada na ya kimisionari, ndizo zilizokuwa uzi wa kutuunganisha na kusini katika miaka ile. Saa moja ya angani ilikuwa bei ya kutopita Karuma.

Mtu wa Koboko aliyezikwa Jidda

Haiwezekani kuandika habari za Koboko na Jidda bila kumtaja Idi Amin, ambaye kwa upande wa babake ni Mkakwa wa Koboko. Alishika nchi tarehe 25 Januari 1971. Katika utawala wake Baraza Kuu la Waislamu liliundwa mwaka 1972, Mfalme Faisal wa Saudia alizuru Uganda mwaka huo huo, na nchi ikaingia Jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974. Baada ya Shirika la East African Airways kuvunjika mwaka 1977, Uganda ilikuwa tayari na shirika lake, lililoundwa mwaka 1976. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2001, na Uganda Airlines ya leo ilianza kuruka mwaka 2019.

Pia watu wengi sana waliuawa zama zake, Waislamu na wasio Waislamu, na hilo halifichiki kwa kutaja misikiti. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yeye aliondoka kwa ndege kwenda Libya, halafu Saudia. Watu wake hawakuwa na ndege. Majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979, na baada ya mashambulizi ya Oktoba 1980 jeshi jipya la Uganda liliigeukia West Nile kwa kisasi. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, walipigwa risasi humo humo. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Yei na Juba, na upande wa Zaire, kwa miguu, watoto mgongoni. Kutoka Koboko hadi mpakani Oraba ni mwendo wa asubuhi moja tu. Kurudi kulichukua miaka, wengi hawakurudi mpaka baada ya 1986.

Mwezi wa Januari 1989 Amin alijaribu kurudi. Aliruka hadi Kinshasa kwa jina lisilo lake, akatambuliwa, akarudishwa, na Saudia ikampokea tena. Mwaka 2003 alipokuwa mahututi, jamaa zake waliomba arejeshwe nyumbani, serikali ikajibu kwamba akirudi atajibu mashtaka. Alifariki Jidda tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa makaburi ya Ruwais, katika mji huo huo. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliishi mwisho wa ule mstari wa kilomita 2,257, na mwanzo wa mstari hakuuona tena. Wapo Koboko wanaomsikitikia na wapo Uganda wasiotaka kusikia jina lake. Sisi tunataja masafa, na hukumu ni ya Mwenyezi Mungu.

Mahujaji wanaotua Jidda leo, wakipita katika jengo la zamani la Hajj lenye mapaa kama mahema, lililofunguliwa mwaka 1981, wajue kwamba aliyeyafanyia hesabu mahema yale ni Mwislamu mzaliwa wa Dhaka, mhandisi Fazlur Rahman Khan. Yeye naye alifariki Jidda, Machi 1982, akiwa na miaka 52, na akazikwa Chicago.

Anga iliyofungwa

Tulisema marubani hufuata mstari mfupi pale wanaporuhusiwa. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum, na siku hiyo hiyo ndege ya shirika la Saudia iliyokuwa inajiandaa kuondoka uwanjani ilipigwa risasi. Anga ya Sudan ikafungwa, na ndege zikalazimika kuzunguka upande wa Ethiopia na Eritrea. Njia ya Entebbe na Jidda haikuathirika sana, kwa vile inagusa pembe tu ya Sudan. Lakini ule mstari wa Arua, unaopita katikati ya Sudan na kutokea Suakin, ukafungwa kwa mara ya pili baada ya 1885.

Neno juu ya saa. Uganda na Saudia zinatumia saa moja, kwa hiyo hujaji hana haja ya kugusa mishale ya saa yake. Jambo la ajabu ni kwamba mtu wa Koboko akivuka kwenda Kaya kununua sabuni, ndipo anapotakiwa kuirudisha nyuma kwa saa nzima, kwa sababu Sudan Kusini ilibadili saa yake tarehe 1 Februari 2021. Congo ya mashariki nayo ipo nyuma yetu kwa saa moja. Pale Salia Musala, nchi tatu zinapokutana, unaweza kusimama na saa mbili tofauti mguu kwa mguu.

Jua lakini halina habari na serikali. Arua ipo magharibi ya Jidda kwa nyuzi 8 na robo, na jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo Adhuhuri ya Arua inakuja dakika 33 baada ya ile ya Jidda, saa zikisoma sawa. Hata Kampala inatutangulia kwa dakika 6 au 7 kwa hesabu hiyo hiyo. Wanaofuturu Arua na Koboko kwa adhana ya redio ya Kampala walifikirie hilo, na wawaulize mashekhe wao. Kuhusu ihramu, ndege haisimami mikati. Inaipita angani kwa dakika chache, ndiyo maana wengi huvaa tangu Entebbe, au mapema ndani ya ndege, kama wanavyoelekezwa.

Kwa watoto walio nyumbani likizo hii, fanyeni zoezi hili. Tafuteni tufe la shule, yale yenye upana wa sentimita 30. Katika tufe hilo sentimita 1 ni kama kilomita 425. Nyosheni uzi kutoka kaskazini-magharibi ya Uganda hadi Jidda, mpime. Kisha pimeni Arua hadi Entebbe, Entebbe hadi Dubai, na Dubai hadi Jidda, mjumlishe. Majibu: uzi wa kwanza unakaribia sentimita 5.3, na wa pili 13.7.